Kikapu Kivukacho Likoni

Kila panapozungumzwa habari za watu waliotoka shamba kwenda kutafuta mjini, mazungumzo huelekea upande mmoja tu. Huulizwa: je, fulani aleta? Amemjengea mamake? Nduguye amelipiwa karo? Mji ndio unaodhaniwa kuwa chemchemi, na shamba ni mtungi unaongoja kujazwa. Hata M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, tangazo lake la mwanzo liliwahimiza watu watume pesa nyumbani, na kila mtu akafahamu pasipo kuelezwa kwamba nyumbani ni shamba na mwenye kutuma yuko mjini. Wataalamu nao walikuwa wametangulia kuifanya hesabu hiyo. Mwaka 1974 wawili kati yao, Johnson na Whitelaw, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wa Nairobi, wakaona kuwa karibu sehemu moja katika tano ya mishahara ya mjini hupelekwa mashambani.

Hesabu hiyo siikatai. Ila nasema ni nusu ya daftari. Nusu ya pili ni ile ya vitu vitokavyo shamba kwenda mjini, na hiyo aghalabu haiandikwi popote. Nataka tuifungue leo, msomaji wangu, kwani ndani yake mna mambo yanayovunja udugu wa watu wetu hapa Pwani, na mengi yake hayasemwi mpaka mzee afe.

Atakaye kuiona nusu hiyo na ende kivuko cha Likoni asubuhi ya Jumamosi, upande wa kusini, kabla jua halijawa kali. Matatu zaja kutoka Lunga Lunga, Msambweni, Ukunda na Kinango. Gari likisimama, utingo hufungua mlango wa nyuma, na hapo ndipo utakapoona jinsi shamba linavyoingia mjini. Watoka vikapu vya miyaa vilivyoshonwa mdomo kwa kamba. Latoka gunia la muhogo lingali na mchanga wa kwetu. Watoka kuku wawili waliofungwa miguu, wamekwisha kukata tamaa. Kuna mchele wa Vanga katika mfuko wa unga uliofuliwa, kuna kunde, kuna maembe yaliyochumwa mabichi ili yaive njiani, kuna ng'onda aliyefungwa kwa magazeti manne na bado harufu yake imemshinda kila abiria. Juu ya kila mzigo kuna kipande cha boksi kilichoandikwa jina na nambari ya simu. Wenyewe hawamo garini. Mzigo wasafiri peke yake, kwa uaminifu wa utingo, na atakayeupokea anangoja ng'ambo ya pili au amemtuma hamali mwenye mkokoteni. Mwenda kwa miguu halipi kitu pale kivukoni, na kikapu kikiwa kichwani mwa mtu hakilipi pia. Huenda hiyo ndiyo sababu hakuna ofisi iliyopata kukihesabu.

Mwenye kujua kusoma vikapu huweza kusema mengi kabla hajakifungua. Kikapu kilichojaa nazi tupu kimefungwa na mwanamume. Kilichofungwa na mama kina mpango: chini vitu vizito visivyopondeka, katikati nafaka, juu matunda, na pembeni kitu kidogo ambacho hakikuombwa, chupa ya mafuta ya nazi au kifurushi cha dawa ya tumbo la mtoto. Zamani, kabla ya simu hizi, palikuwa na desturi nyingine. Noti ilifungwa katika kitambaa, kitambaa kikazikwa katika unga, na wala barua haikusema neno juu yake, kwani barua husomwa na wengi. Mtu akichunga unga wake mjini, ndipo noti ilipojitokeza. Nimewajua watu waliokuwa hawamwachii mtu mwingine kuchunga unga wao.

Vijana wa siku hizi huweza kucheka na kusema muhogo wa shilingi mia mbili hauwezi kuitwa msaada. Na wahesabu basi. Mtu anayelipwa kwa siku, ambaye leo ana kazi na kesho hana, akipelekewa chakula cha wiki moja kila baada ya wiki mbili, ameondolewa nusu ya hofu yake. Kodi ya chumba haipunguzwi kwa huruma, lakini tumbo laweza kutulizwa na kikapu. Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333 mwaka 2019, na Kwale watu 866,820. Wengi wa hao milioni na zaidi wa Mombasa wana mtu mahali fulani, awe Kwale, Kilifi, Taita au bara, ambaye akivuna huwafikiria wao.

Jambo hili halikuanza jana. Neno letu kibarua lenyewe latukumbusha: ni ile karatasi ndogo, barua ndogo, aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa ili alipwe jioni. Wakubwa wa enzi ya ukoloni waliitaka nguvu ya mtu huyo, wala hawakutaka gharama ya nyumba yake. Mshahara ulikadiriwa kana kwamba mfanyakazi hana mke wala mtoto, kwa kuwa ilijulikana kuwa mkewe yuko shamba na analima. Kamati ya serikali ya kikoloni iliyoongozwa na Carpenter ilikiri jambo hilo katika ripoti yake ya mwaka 1954, ikapendekeza mishahara ikadiriwe kwa mahitaji ya mtu mwenye jamaa. Ukilitazama neno hilo kwa makini, maana yake ni kuwa miaka yote iliyotangulia, mwanamke aliyeshika jembe alikuwa akimlipia tajiri wa bandarini sehemu ya mshahara wa mumewe. Hakupewa asante. Hata hakujua kama analipa.

Mimi mwenyewe nalivuka Likoni mwaka 1989. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa kimefungwa mwaka mmoja kabla, na vijana wa kusini waliokuwa wakitegemea miwa wakawa hawana la kutegemea ila kivuko. Nilikuwa na elimu ya chuoni kwa mwalimu, nimehitimu msahafu, na hati nzuri ya Kiarabu na ya Kiswahili, mambo ambayo hayakumshughulisha mwajiri hata mmoja niliyebisha mlangoni pake. Nikafikia kwa mjomba, Majengo. Kwa Wadigo wa zamani mpwa ndiye aliyemrithi mjomba, kabla sharia ya dini haijashika nafasi yake katika mirathi, na ingawa urithi huo umekwisha, mapenzi yake yalibaki. Mjomba hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Aliniambia, "Mwanangu, mahali pa kulala papo, na chakula tutakula tulicho nacho." Lakini tulichokuwa nacho, kwa miezi saba, sehemu yake kubwa kilitoka kwa mamangu. Kikapu kilifika kila Jumamosi ya pili, nami nalikipokea kwa aibu na kwa furaha, kwa kipimo sawasawa.

Miaka ile nalijaribu kukitungia kikapu hicho shairi. Nalipata ubeti mmoja, wa pili haukuja, nikauacha hivyo hivyo:

Kikapu kilichoshonwa, kwa ukindu wa kondeni,
Mihogo iliyobanwa, na nazi mbili kandoni,
Pasi na neno kunenwa, baruani na simuni,
Kikapu ki mlangoni, nyumbani tumekumbukwa.

Mji huu wetu una tabia ya kuanguka ghafula, na kila uangukapo shamba ndilo linaloudaka. Baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 watalii waliingia hofu, na watumishi wa hoteli wakarejea vijijini na sare zao zimekunjwa. Mwaka 2014 ikawa hivyo tena, serikali za Ulaya zilipowaonya raia wao wasije Pwani. Mwaka 2019 ilipotolewa amri kwamba makasha ya bandarini yapelekwe Nairobi kwa reli mpya, madereva wa malori, wachukuzi na mama lishe wa Changamwe na Miritini wakajikuta wamekaa, na watu wakaandamana Mombasa wiki baada ya wiki. Kila mara nalisikia hesabu ya vyumba vya hoteli vilivyofungwa na ya fedha zilizopotea. Sikusikia mtu akiuliza, basi hawa watu wanakula wapi?

Lakini mwaka 2020 ulipita yote. Tarehe 8 Aprili watu walikatazwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale, kwa ajili ya korona. Mwezi wa Mei ukafungwa Mji wa Kale pia, na mlango wa Mombasa haukufunguliwa mpaka tarehe 7 Julai. Ramadhani na Idi zikapita katika hali hiyo, misikiti imefungwa, mtu anaswali tarawehe na watoto wake sebuleni. Abiria hawakuvuka mpaka, ila magari ya vyakula yaliruhusiwa. Basi vikapu vikapanda malori. Nalimwona mzee mmoja wa kijijini kwetu, ambaye maisha yake yote hupokea pesa za simu kutoka kwa wanawe, akiwa kwa wakala ameshika kitambulisho, na leo yeye ndiye mwenye kutuma. Alikuwa ameuza mbuzi. Alimwambia kijana wa duka, "Nionyeshe pa kubonyeza, mimi kazi yangu ni kupokea, kutuma sijui." Shilingi 4,000 zikenda Mishomoroni. Kijana alicheka, mzee hakucheka.

Kuna na msaada usiotiwa kikapuni. Wajukuu wangapi wanalelewa na nyanya zao huko Kwale na Kilifi, wazazi wakiwa mjini? Mama mja mzito hurudi kwao akajifungua na kukaa arubaini yake, mumewe akabaki na sufuria moja. Mgonjwa wa muda mrefu hurudishwa shamba auguzwe na dada ambaye hakuna aliyemuuliza kama ana nafasi. Kijana akiondoka husomewa Yasini, na mamake huendelea kumsomea kila Alhamisi jioni ingawa yeye huko mjini amesahau hata siku. Haya nayapita kwa haraka, kwani kila msomaji anayajua nyumbani kwake.

Ninalotaka kulikalia kitako ni minazi.

Mgeni wa Pwani hushangaa kuambiwa kuwa kwetu mtu huweza kumiliki mti na asimiliki udongo uliousimamisha. Ndivyo ilivyo. Mnazi ni mali peke yake: huuzwa, hurithiwa, huwekwa rehani. Mnazi wetu mrefu huanza kuzaa kati ya mwaka wa sita na wa nane, kisha huzaa mwaka mzima, ukakwewa kila baada ya miezi miwili au mitatu, na huweza kumpita aliyeupanda kwa umri. Kwa hivyo mzee anapotaka fedha nyingi kwa mara moja, hana benki iliyo karibu kuliko minazi yake. Humwendea mwenye fedha, akamwonyesha miti kumi au ishirini, akapewa shilingi kadhaa, na toka siku hiyo nazi za miti ile huangushwa na yule aliyetoa fedha. Deni likilipwa, miti hurudi. Lisipolipwa, miti hukaa huko huko.

Fedha hizo zafanya kazi gani? Zamani zilikuwa za mahari na matanga. Siku hizi, niulizapo, mara nyingi jibu ni moja: za mtoto aliyekwenda mjini. Nauli, kodi ya miezi ya mwanzo, masomo ya udereva, cheti cha hoteli, ada ya wakala wa Arabuni. Mnazi ndio uliompeleka kijana Mombasa, nao umebaki mikononi mwa watu.

Hapa pana jambo ambalo masheikh wetu wamelisema sana na sisi tumelisikia kidogo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, manufaa ya kitu kilichowekwa rehani ni ya mwenyewe aliyekiweka. Rehani ni ya kumtuliza mwenye kudai, si ya kumlisha. Akishurutisha ale mazao na deni lake libaki kama lilivyokuwa, amekula ziada juu ya mkopo, na ziada juu ya mkopo sote twajua jina lake. Lakini nenda kijiji chochote kutoka Waa mpaka Jego ukaulize kama kuna rehani ya namna hiyo. Wenye kuitoa wataka waitwe watu wa msaada, na kwa hakika siku ile ya haja ndio pekee waliofungua mlango. Hilo nalo ni kweli, na ndilo linalofanya jambo hili liwe gumu kulitibu kwa hotuba ya Ijumaa peke yake.

La pili lililo gumu ni hili: mzee anapoweka minazi rehani kwa ajili ya mwanawe mmoja, hasemi ametoa kwa njia gani. Je, amemkopesha? Amempa hiba? Au ni matumizi ya mzazi kwa mwana? Haya ni mambo matatu mbalimbali. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 ya sura ya Al-Bakara, yaamrisha deni liandikwe. Na hiba nayo ina adabu zake. Hadithi ya Nuuman bin Bashir, iliyomo katika Bukhari na Muslim, yasimulia jinsi babake alivyompa yeye zawadi peke yake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza mzee yule kama watoto wake wote amewapa mfano wake, na aliposema la, akakataa kuwa shahidi. Tulisomeshwa chuoni tukiwa wadogo, tukaikariri, tukadhani ni hadithi ya watu wenye mali nyingi. Kumbe ni ya mwenye minazi themanini.

Minazi themanini ndiyo aliyoiacha mzee mmoja wa upande wetu aliyefariki mwaka 2021. Jina lake na la kijiji nayahifadhi. Aliacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mimi naliitwa kwa sababu moja tu, kwamba najua kuandika na sina hisa. Kaka mkubwa ni dereva Mombasa. Wa pili yuko Nairobi, ana duka dogo la vipuri. Binti aliolewa, akaachwa, akarudi kwa babake, na kwa miaka kumi na saba ndiye aliyepalilia, aliyemwita mkwezi, aliyemwogesha mzee alipokuwa hawezi. Vikapu vyote vilivyovuka Likoni kutoka nyumba ile vilifungwa na mkono wake na wa mamake.

Hesabu ya sharia haikuwa na taabu. Mke ana thumuni, minazi kumi. Sabini iliyobaki, mwanamume hisa mbili na mwanamke moja: wana wa kiume ishirini na minane kila mmoja, na binti kumi na minne. Nikaandika. Kisha kaka mkubwa akasema, kwa upole kabisa, kwamba kwa kuwa kuna minazi kumi na minne iliyo rehani, na hisa ya dada ni kumi na minne, basi ingekuwa rahisi yeye achukue hiyo, naye ataikomboa polepole kwa kuwa ndiye aliye karibu. Wa pili akaitikia. Barazani pakawa kimya. Mkwezi mmoja aliyekuwa amekaa mbali kidogo akainuka akaenda zake.

Minazi ile iliwekwa rehani mwaka 1996 kwa shilingi 15,000, za kumsomesha kaka mkubwa udereva na kumkodishia chumba Mombasa. Mwaka 2003 mzee aliongeza deni juu ya miti ile ile, mke wa kaka alipojifungua kwa kupasuliwa. Mwaka 2014 akaongeza tena, hoteli aliyokuwa akiiendeshea gari ilipofunga. Jumla imefika shilingi 65,000. Yameandikwa katika daftari la aliyetoa fedha, wala si penginepo.

Nikaomba ruhusa ya kufanya hesabu moja. Nikasema, tuchukulie mnazi mmoja unazaa nazi arobaini kwa mwaka, wala sijauonea wala kuupendelea. Kumi na minne ni nazi 560 kwa mwaka. Kwa miaka ishirini na mitano ni nazi 14,000. Hata tukikadiria kila nazi shilingi tano tu, bei ambayo leo muuza nazi yeyote atakucheka, ni shilingi 70,000. Mwalimu wetu wa chuo, aliyekuwa amekaa kando yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa hukumu aijuayo yeye deni hilo limekwisha kuliwa, na aliyelila ni mwenye daftari. Mwana wa mwenye daftari, ambaye naye aliitwa, akajibu kuwa babake alifuata mila, na mzee mwenyewe hakulalamika hata siku moja. Hilo pia lilikuwa kweli.

Hapo dada akasema neno lake la kwanza tangu asubuhi. Alimwelekea kakake akasema, "Kaka, mimi sikuulizi ulichotumia. Naliuliza, baba alikupa au alikukopesha?"

Kaka akajibu, "Baba alinipa. Mzazi hamkopeshi mwanawe."

"Kama alikupa, na mimi alinipa nini?"

Si haki nimfanye kaka yule kuwa mtu mbaya. Alipokuwa na kazi alileta. Bati za nyumba ile ni zake, na maji ya bomba ni yake, nayo yameandikwa katika kumbukumbu ya kila mtu kijijini kwa kuwa bati huonekana kutoka barabarani. Ana watoto watano na chumba kimoja na nusu Bombolulu. Hakuwa mwongo aliposema hana 65,000. Shida ni kuwa alichokileta yeye kina umbo, na kilichopelekwa kwake kililiwa kikaisha. Nduguye aliyebaki nyumbani hana cha kuonyesha ila mikono.

Na sharia, ukiitazama vizuri, haikumtupa dada. Kabla ya hisa kugawanywa hutolewa gharama za maziko, kisha madeni ya maiti, kisha wasia wake, nao usizidi thuluthi. Kwa hivyo kama deni lipo, ni la mali yote, wala haliwezi kutiwa katika fungu la mtu mmoja. Hilo mwalimu alilisema waziwazi, na ndugu wa Nairobi akabadili rangi, kwani aliona sasa na yeye atalipia chumba cha kakake cha mwaka 1996. Na kama deni limekwisha kwa mazao, basi minazi ni huru na kila mtu achague kwa kura. Yote mawili yangemwondolea dada mzigo. La kumtwika peke yake halikutoka katika kitabu chochote, lilitoka katika mazoea yetu ya kudhani kuwa aliyebaki nyumbani hakugharimika.

Nimezungumza na watu wa mirathi tangu siku ile, na najua nyumba ile haiko peke yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imewapa makadhi hukumu ya mirathi ya Waislamu watakao kuhukumiwa nao, na milango yao i wazi. Lakini kadhi huhukumu kwa ushahidi. Kikapu hakina risiti, na mama aliyetoa noti ndani ya unga hakumwita shahidi. Ndiyo maana nawaambia wazee ninaokaa nao barazani: mkimpeleka mtoto mjini kwa minazi, semeni siku hiyo hiyo mbele ya nduguze kama ni mkopo au ni hiba, na kama ni hiba, wengine mtawapa nini. Wengi hunitazama kama mtu aliyetaja kifo katika harusi. Mmoja aliniambia, "Ukianza kuandikiana na wanao, nyumba imekwisha." Nikamwambia ya jirani yake nimeiona ikiisha kwa kutoandikiana.

Ile karatasi ya mgawanyo ningali nayo. Ina dole gumba la mama na sahihi za ndugu wawili. Mahali pa dada ni patupu. Alikataa kutia sahihi, akasema atakwenda kwa kadhi, na amekwenda. Shauri liko huko, na nazi za miti kumi na minne zaendelea kuangushwa na wale wale, ingawa miwili imekwisha kukauka kileleni.

Kakake alirudi Mombasa jioni ya siku ile ile kwa gari la saa kumi, bila ya kuaga vizuri. Asubuhi yake nami nikajiandaa kurudi mjini. Nalimkuta dada yule kando ya barabara, ameketi juu ya jiwe, na mbele yake kikapu kimeshonwa mdomo na kuandikwa jina. Akaniuliza kama nitashukia Likoni, na kama sitaona uzito nimvushie. Nikasoma lile boksi. Lilikuwa na jina la mkewe kakake, Bombolulu.

"Ni mihogo tu na mbaazi," akasema. "Watoto hawana makosa."